Kikaratasi Nilichokibandua Ubaoni

Mbinga, alasiri

Mwanangu Winfrida,

Umekwenda kijijini Ukata kumuaga Bibi, na najua hutarudi kabla jua halijazama, maana Bibi hamwachii mtu aondoke bila kula mara mbili. Begi lako liko mlangoni. Juu yake umeweka sweta, kana kwamba Dodoma kuna baridi ya Mbinga. Mambo ya nguo, chakula na basi la kesho sitakuandikia. Una miaka ishirini na saba na umeshaishi huko miaka yote ya chuo. Nakuandikia kwa sababu ya jambo ulilolisema juzi mezani.

Ulikuwa unasoma kwenye simu majina ya watu saba utakaowaongoza kwenye kazi yako mpya. Ulipofika jina la tano ukacheka, ukasema, "Mama, huyu Faraja si ndiye yule aliyeozesha kahawa ya Bibi? Nikifika tu, huyo ndiye wa kwanza kuondoka." Mimi nikakujibu, "Kula, chakula kinapoa."

Faraja hakuozesha kahawa ya mtu. Kahawa ile niliiozesha mimi, baada ya kuonywa, na aliyenionya ni yeye. Nimelikalia neno hili miaka mitano. Sikuweza kulisema mezani huku unanitazama, ndiyo maana unalisoma. Barua itakuwa ndefu kwa sababu nataka ujue nilifikaje pale, kwani keshokutwa na wewe unakwenda kukalia kiti kama kile.

Mwanzo wake unaujua kidogo. Nilikuwa nimefundisha hesabu na kompyuta miaka kumi na tisa pale sekondari, nikachoka kuandika mambo yaleyale ubaoni. Ukaja mradi uliotaka mtu wa hapa hapa aongoze kundi la vijana sita watengeneze mfumo wa zamu za kahawa. Mtambo wa kumenya kahawa mbivu hauwezi kuhudumia vijiji vyote kwa siku moja, na kahawa mbivu ikishachumwa hailali. Siku ya pili imeanza kuchacha. Zamani zamu zilisomwa kanisani Jumapili baada ya misa, na watu walikuwa wanazifuata. Sisi tukaambiwa tuzitume kwa simu. Kila mkulima apate ujumbe: siku yako ni fulani, leta.

Wakatuletea kijana mmoja kutoka Dar atufundishe wiki nzima namna ya kufanya kazi. Waliiita ajaili. Akasema kazi kubwa ikatwe vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande kikiisha kipelekwe kwa mtumiaji akiguse kabla hatujaendelea. Kila asubuhi tusimame robo saa tuambiane nani amekwama wapi. Ukutani uwepo ubao wa vikaratasi ili kila mtu aone kazi ilipofika bila kumuuliza bosi. Na kila wiki mbili zikiisha tukae tujitazame: kipi kimetushinda, tubadilishe nini. Alirudia kila siku kwamba hivyo vyote ni vyombo tu, na kinachopikwa humo ni watu kuambiana ukweli mapema, wakati bado kuna nafasi ya kugeuka. Nililiandika hilo kwenye daftari nikalipigia mstari kwa rula. Daftari ninalo mpaka leo, na mstari umenyooka vizuri sana.

Kijana akarudi Dar, nikabaki na vyombo. Kikao cha asubuhi nikakigeuza paredi ya shule. Walisimama duara, ni kweli, lakini kila mmoja alisema akinitazama mimi. Otmar, programa wetu mkubwa kwa umri, alisema, "Naendelea vizuri, Mwalimu," siku tisa mfululizo kwa kazi ileile. Siku ya kumi nikagundua alikuwa amekwama tangu siku ya pili. Nilipomuuliza mbona hakusema, akajibu, "Sikutaka kukusumbua, Mwalimu." Unajua nilifanya nini? Nilimsifu kwa adabu yake, mbele ya wenzake wote, na wenzake wakaelewa somo.

Hata hilo jina. Wote waliniita Mwalimu, na mimi nililipenda. Sasa nani anamsahihisha mwalimu? Wewe ulijaribu. Ulikuwa kidato cha pili, mimi nafundisha milinganyo, ukanyoosha mkono ukasema, "Mwalimu, hapo alama ni ya kutoa." Darasa likacheka. Nikakutoa nje ukafyeke nyasi nyuma ya bwalo mpaka kengele. Nadhani hujui kwamba nililiona kosa kabla hujafika mlangoni. Nililifuta haraka kwa mkono, nikaandika alama ya kutoa, nikaendelea. Tangu siku ile hujanisahihisha tena mbele za watu, na mimi nikawa nawatambia walimu wenzangu kwamba binti yangu nimemlea.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa sengu.

Sengu wewe umeisikia tu. Mimi niliikuta mwisho mwisho, Ukata, kwa babu yangu. Jioni wanaume wa ukoo walikutana uwanjani kwake wakala pamoja, kila nyumba imeleta chakula chake, na hapo ndipo yalipozungumzwa mashamba, ugomvi, nani amsaidie nani kulima. Mtu yeyote aliweza kuleta neno, ndivyo walivyosema, ila babu akishalifunga limefungwa. Sisi wasichana tulileta chakula, tukapiga magoti, tukaweka, tukarudi kinyumenyume. Mimi nilikuwa nakwenda kujibanza nyuma ya jiko nisikilize. Siku moja walikuwa wanajadili wachimbe wapi kisima, maana kile cha zamani kilikauka. Nilikuwa na miaka kumi na moja na mimi ndiye niliyechota maji kila alfajiri. Nilijua palipobaki unyevunyevu. Nikamwambia mama yangu, huyu huyu Bibi yako. Akaniambia, "Nyamaza, ile ni sengu." Wanaume wakachimba siku tatu mahali pakavu. Nililia kwa hasira, nikajiapiza kwamba nikija kuwa na sengu yangu, kila mtu atasema.

Basi yule kijana wa Dar alipotueleza kile kikao cha kujitazama, mimi niliruka kitini. "Hiyo ni sengu! Sisi huku tunayo tangu zamani!" Wakapiga makofi. Kila Ijumaa ya pili nilipika mwenyewe, ugali, maharage na usipa wa kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, tukala ofisini tukizunguka meza moja, ndipo tukazungumza. Wageni waliokuja walipiga picha. Niliitwa hadi Songea kueleza jinsi tulivyochukua mambo ya kisasa tukayavika nguo za nyumbani, na nilieleza vizuri, mwanangu, mdomo ninao. Hakuna aliyeniuliza nani anakaa kwenye kiti chenye mikono. Nilikaa mimi, na nikafunga neno mimi. Nani ataanza kusema kazi ya mama imeharibika, huku anatafuna usipa wa mama?

Faraja alikuja wa mwisho katika kundi letu. Mnyasa wa Kihagara, kule chini ziwani, miaka ishirini na nne, sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kuujaribu mfumo kabla haujawafikia wakulima. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Samahani Mwalimu, hapa ofisini simu zetu zote zina mtandao. Je, huko wanakokaa wakulima?" Nikamwambia amalize orodha yake kwanza. Aliimaliza. Halafu Jumapili moja ya Julai, bila kutumwa na mtu, alipanda bodaboda akaenda Ukata.

Aliyoyaona yameandikwa kwenye kikaratasi nilichokibana nyuma ya barua hii. Utaona ni mwandiko wake. Aliwaona watu wakitoka misani wanapanda kile kilima nyuma ya kanisa, simu wamezinyanyua juu, na huko ndiko ujumbe wa wiki nzima unakoingia kwa mkupuo. Zamu za watu zilikuwa zimeshapita tayari. Jumatatu akakibandika kikaratasi ubaoni, juu kabisa, mahali pa kazi za kwanza: UKATA HAWAPATI UJUMBE KWA WAKATI. WANAPATA JUMAPILI TU.

Sasa nikwambie jambo linalonichoma kuliko yote. Mimi nampigia Bibi simu Jumapili saa tano, tangu alipopata simu. Sijawahi kumpigia Jumanne. Kwa nini? Kwa sababu Jumanne hapatikani, yuko bondeni, na Jumapili saa tano yuko kilimani na wenzake. Nilijua hilo kama ninavyojua njia ya chooni kwangu, na sikuwahi kulileta ofisini. Mtu wa ziwani, ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja Ukata, ndiye aliyepanda kwenda kuniangalizia kijiji nilikozaliwa.

Nilipokisoma kile kikaratasi nilikasirika. Sikukasirikia tatizo, nilimkasirikia yeye. Jumatano ya wiki iliyofuata wafadhili walikuwa wanakuja kuuona mfumo, na ubao wangu ulikuwa unameremeta: kazi zote zimehamia upande wa zilizokamilika. Nikakibandua, nikakitia ndani ya daftari langu. Nikamwambia tutalizungumza Ijumaa kwenye sengu, kwa utaratibu.

Ijumaa ikafika. Tulikuwa hata hatujaanza vizuri kula, Faraja akasema, "Samahani Mwalimu, jana ilikuwa zamu ya Ukata. Nimepiga simu mtamboni. Mtambo umekaa bure siku nzima, hakuna aliyeleta."

Nikamwambia, "Mwanangu, kula kwanza."

Akaweka tonge chini. "Kahawa yao imeiva, Mwalimu. Hawawezi kungoja. Watachuma na wataleta siku yoyote. Naomba kitu kimoja tu, keshokutwa zamu zisomwe kanisani kama zamani, mpaka tupate njia nyingine. Ni karatasi moja. Naipeleka mwenyewe."

Karatasi moja, Winfrida. Hakuomba mashine wala gari. Nami nikaona picha ya wafadhili wanafika Jumatano wanaambiwa kwamba mfumo wa Mwalimu unasomwa na katekista. Nikacheka kidogo, kile kicheko changu unachokijua, nikasema, "Faraja, wewe ni mtu wa samaki, kahawa tuachie Wamatengo." Wakacheka wote. Ulikuwa utani, na utani kwetu haukatazwi. Otmar alikuwa mtu mzima na alijua Faraja anasema kweli; nilimwona akitazama sahani yake. Nikamalizia, "Tufunike kombe, wageni wapite, halafu Alhamisi tulishughulikie." Nikauliza kama kuna mwenye neno lingine. Hakuna. Nikafunga.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako kuliko mimi. Ulikuwa likizo kwa Bibi. Jumapili hakuna zamu iliyosomwa kanisani. Kilimani zikaingia zile za Alhamisi iliyopita. Watu wakasema basi, kahawa inaanguka chini, twende hivyo hivyo, na Jumatatu mkabeba ndoo kichwani na magunia kwenye baiskeli mkaenda mtamboni. Pale getini mlinzi akawasomea kwenye simu ya mradi: leo Mbuji, Ukata ilikuwa Alhamisi. Mbuji walikuwa wamejaa uwanja mzima, mtambo ukafanya kazi yao mpaka usiku. Wa kwetu wakaacha magunia getini wakitumaini Jumanne, na Jumanne kukawa na zamu ya wengine. Jumatano wafadhili waliposhuka kwenye gari, kitu cha kwanza walichokutana nacho ni harufu. Kahawa ilikuwa imetoa povu, nzi wamejaa, inanuka pombe.

Nilisikia kwamba Bibi aliibeba ya kwake akairudisha nyumbani, akaimwaga kwenye mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji shambani pale mteremkoni, shimo baada ya shimo, iwe mbolea. Alichosema ulinieleza wewe: "Basi mwambieni hiyo simu ije ichume." Tangu mwaka ule hajapeleka tena punje mtamboni. Anaanika mwenyewe nyumbani, na mimi hajaniuliza kitu. Nilizoea kufikiri haniulizi kwa sababu haelewi mambo ya kompyuta. Siku hizi nadhani haniulizi kwa sababu alishanijua tangu nikijibanza nyuma ya jiko lake.

Pale mtamboni mkubwa wa wafadhili aliuliza nani anahusika na majaribio. Nikasema ni Faraja, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza, "Aliwahi kuripoti tatizo hili?"

Nikasema, "Hapana."

Kundi lote lilikuwepo. Wote walikuwa wamekula meza ile Ijumaa. Otmar akatazama viatu vyake. Faraja akanitazama mimi. Alikuwa na picha ya kile kikaratasi kwenye simu yake. Niliambiwa baadaye na mwenzake. Hakuitoa. Alinistahi, Winfrida, mimi niliyekuwa namzika.

Jioni ulifika nyumbani na vumbi la Ukata, bega la blauzi limeingia maji ya kahawa. Ukaniuliza, "Mama, kwani hamkuambiwa?" Nikakujibu, "Hatukuambiwa. Binti wetu wa majaribio alizembea." Niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, kwa Kiswahili safi. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa.

Wahenga wanasema mkubwa ni jalala, kila uchafu unatupwa kwake na anaupokea. Mimi nilikuwa na jalala langu dogo, lenye sauti ndogo, kutoka Kihagara.

Baada ya hapo kundi langu liliwahi kazini, lilisalimia vizuri, na lilikufa. Hakuna aliyeniletea tena habari mbaya. Vikaratasi vilihama kila Ijumaa kwenda upande wa vilivyokamilika, na kwenye sengu walisifia chakula. Nilijua wananidanganya na sikuwa na uso wa kuwauliza, maana nilishawaonyesha wote anachopata anayesema. Msimu uliofuata mradi ukafungwa. Zamu zikarudi kusomwa kanisani, na katekista anazisoma vizuri tu.

Mwaka juzi nilikwenda Kihagara. Wewe nilikwambia nafuata samaki Mbamba Bay. Nilitaka kumtafuta Faraja nimwambie. Nikamkuta mama yake ufukweni anageuza usipa kwenye chanja, akasema binti amepata kazi mbali. Nilipojitaja akafuta mikono kwenye kanga akanishika yangu yote miwili. "Kumbe wewe ndiye Mwalimu! Faraja alisema ulimfundisha mengi." Hakuwa ananisimanga. Yule mama hakujua kitu. Binti yake hakumwambia. Alinifungia usipa, mfuko mzima, akakataa katakata nisimpe chochote. Nikapanda gari nikarudi. Usipa ule niliupika, ukaula wewe, ukasema huo mtamu, umenunua wapi.

Sasa unakwenda kuongoza watu. Utafika na ubao na vikaratasi, na vipindi vya wiki mbili mbili. Umesoma vizuri kuliko mimi na maneno yake unayajua kwa Kiingereza. Sina la kukufundisha hapo. Ninachokijua ni kidogo na nimekinunua kwa mtu mwingine.

Siku mtu atakapokuletea neno baya kwa mara ya kwanza, wengine hawatasikia anachosema. Watakuwa wanatazama uso wako. Kwa uso huo wataamua kama utakuja kusikia kitu tena. Mimi nilicheka, na kicheko hicho kilitosha.

Utani uangalie. Sisi huku tunataniana hata msibani na ni jambo jema, lakini mkubwa akimtania mdogo mbele ya watu, mdogo hana pa kurudishia. Na chakula pia, usidhani kukaa meza moja ni kuwa sawa. Ukitaka kusikia, kaa pembeni, mwache aliyekuja mwisho aseme kwanza, na uulize ni kipi ulichokosea wewe. Watanyamaza. Hapo ndipo mimi niliposhindwa kila mara. Kimya kikizidi dakika nilikuwa nakijaza kwa methali. Kivumilie, hata kama kitakuchoma. Na usikubali kuambiwa "vizuri" siku tisa.

Nenda pia kwa watu wanaotumia hicho mnachotengeneza. Usisubiri waje ofisini kwenye viti vizuri, waonyeshwe skrini na kutikisa kichwa. Faraja alielewa hilo bila kufundishwa na mtu wa Dar. Mtu anayepanda bodaboda Jumapili yake kwenda kutazama kama kazi ya kundi inafika, huyo hutampata kwa tangazo la kazi. Wewe umepewa bure, yuko namba tano kwenye orodha yako, na ulikuwa unakwenda kumfukuza.

Ninakuomba usimwondoe. Na ninakuomba zaidi ya hapo: mbele ya hao wengine sita, wiki ya kwanza, sema kwamba uliambiwa uongo juu yake, na useme aliyekudanganya ni nani. Najua utataka kunisitiri. Sema "mama yangu", usiseme "watu". Kama utaona aibu, hiyo aibu ni yangu, umeibeba tu kidogo. Kikaratasi mpe, ni mali yake. Wale walioniajiri nimeshawaandikia leo asubuhi na barua nimeituma. Wengi wamehama, sijui kama kuna atakayejali, lakini ripoti yangu wanayo na sasa wanajua ni ya uongo.

Ukisema nimechelewa, nimechelewa. Ukisema nimesema tu kwa sababu ulikuwa unakwenda kukutana naye na ungejua, hilo pia ni kweli. Nisingepata ujasiri bila orodha ile. Usinitafutie sababu nzuri. Ukirudi jioni na kuisoma hii, ukitaka kunifokea, nifokee. Nitakuwa humu ndani, sitakwenda kwa jirani.

Kuna jambo moja sijakwambia, na nilitaka kuimaliza barua bila kuliandika.

Siku Faraja alipokuwa anaondoka Mbinga alipita hapa nyumbani na begi lake. Wewe ulikuwa umeshafungua chuo. Hapakuwa na wafadhili, Otmar hakuwepo, hapakuwa na mtu wa kumwogopa. Tulikuwa wawili tu sebuleni, na wote wawili tulijua. Nilimkaribisha akae, hakukaa. Alipiga magoti pale karibu na mlango, akasema, "Shikamoo Mama. Nimekuja kuaga. Kama kuna mahali nilikukosea, naomba unisamehe."

Nikamshika bega nikamwinua. Nikamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu."

Mama yako